Tufundishe kusikiliza kabla ya kurekodi: uzi wa wahadhiri, wakufunzi na watu wa mtaani

Mpiga_Chaki (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nafundisha uandishi na mawasiliano chuoni. Ukimwambia mwanachuo aandike kuhusu mahali, anakuletea rangi, majengo, na nani kavaa nini. Ukurasa mzima hauna mlio hata mmoja, utadhani alikuwa anachungulia kupitia dirisha lililofungwa. Ukimwambia basi niletee sauti, anatoa simu, anarekodi, anakutumia faili. Muulize mle ndani mna nini, atakujibu: "Kelele za kawaida tu, mwalimu."

Hoja yangu ni moja na naiweka hapa ichapwe: kabla hajashika kinasa sauti, mwanachuo afundishwe kueleza sauti bila kutaja kinachoitoa. Asiseme "pikipiki". Aseme mngurumo mkavu, umeanzia chini, umepanda, umekatika ghafla, umetoka kushoto kwenda nyuma yangu. Akishasema "pikipiki" sikio limeacha kazi, kilichobaki ni kumbukumbu ya pikipiki zote alizowahi kuziona.

Zoezi lenyewe halihitaji bajeti. Dakika 10, kila mtu na karatasi yake, simu zimezimwa. Andika kila sauti inayokufikia, hata ya tumbo lako. Mwanzoni watu wanachekacheka. Baadaye wanaanza kukunja uso, kwa sababu msamiati umewaishia, na hapo ndipo somo linapoanza. Wanaosoma Kiswahili wana mtaji tayari: tanakali. Anguka pu, tumbukia chubwi, funga ndi. Tunazifundisha kama pambo la fasihi wakati ni kifaa cha kunasia sauti. Mlio usio na jina waubunie tanakali, kisha wamsomee mwenzao aliyekuwa amekaa mahali palepale. Akiitambua, imefaulu.

Sijabuni mimi mambo haya. Mtunzi wa muziki wa Kanada, R. Murray Schafer, alianza kuyafundisha miaka ya 1960, na akiwa Chuo Kikuu cha Simon Fraser akaanzisha mradi wa kuchunguza mazingira ya sauti. Zoezi lake moja nalipenda kupita kiasi: karatasi moja izungushwe darasa zima, mkono kwa mkono, bila kutoa sauti. Jaribuni. Darasa lililoshindikana kwa kelele linanyamaza bila kuambiwa.

Schafer aligawa sauti za mahali katika mafungu. Kuna za msingi, ambazo wenyeji wameshaacha kuzisikia. Kuna za kuashiria, kama honi, kengele na king'ora. Na kuna zile ambazo ni alama ya mahali pale, zikitoweka watu wanajua kitu kimepungua. Mgawo huo unatosha kuendesha vipindi kadhaa.

Karibuni.

Bisibisi

Nimekaa siti ya mbele. Nafundisha ufundi magari, kwa hiyo mada hii ni ya kwangu kabisa, ila nina ugomvi nayo.

Kwetu kutaja chanzo ndiyo kazi yenyewe. Mteja hakulipi kwa sababu umemwelezea mngurumo mkavu. Anataka kusikia "beringi ya gurudumu la mbele".

Sasa nikubali upande wako kidogo. Mwanafunzi anayekimbilia kutaja ndiye anayefungua injini nzima bure. Mimi nawauliza maswali kwa mpangilio. Mlio unafuata mzunguko wa injini au mwendo wa magurudumu? Njia ya kujua ni kuweka nyutro gari likiwa bado linatembea: injini ikishuka na mlio ukabaki vilevile, achana na injini. Unabadilika ukikata kona? Beringi ya gurudumu huvuma, na mvumo huongezeka au kupungua uzito ukihamia upande mmoja. Unagonga ka-ka-ka usukani ukikatwa hadi mwisho? Angalia jointi ya ekseli.

Halafu kuna hili, ambalo wengi hawalijui mpaka waambiwe wahesabu. Tapeti (vile vipande vinavyosukuma vali) zinagonga kwa nusu ya mwendo wa krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwa sababu kemshafti, mhimili unaofungua vali, inazunguka mara moja kila krenki inapozunguka mara mbili. Kwa hiyo mgonjo mwepesi wa taratibu kule juu (ka-ka-ka ya vali) ni kitu kimoja, na kishindo kizito cha chini kinachozidi injini ikibeba mzigo ni kitu kingine kabisa, na cha gharama. Sikio lisilojua kuhesabu haliwezi kuvitenganisha.

Kwa hiyo waeleze, sawa, lakini mwisho wa siku wataje.

Mpiga_Chaki

Mkuu Bisibisi, umenipinga kwa kunisaidia. Maswali yako yote hayo ni maelezo kabla ya jina. Hakuna hata moja linaloanza na "hiki ni nini?".

Sista_Zamu

Naungana na Bisibisi na mleta uzi kwa pamoja. Mimi ni mkufunzi wa uuguzi.

Historia yetu inaanzia kwenye sauti za kila siku. Daktari wa Austria, Leopold Auenbrugger, mwaka 1761 alichapisha njia ya kugonga kifua cha mgonjwa kwa vidole na kusikiliza kinavyoitika: palipojaa hewa panalia, palipojaa majimaji pamekufa. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na inasimuliwa kwamba mtoto alijifunza kwa kuona mapipa ya mvinyo yakigongwa ili kujua yamebaki na kiasi gani. Mwaka 1816 huko Paris, René Laennec akakunja karatasi kuwa bomba na kuliweka kifuani kwa mgonjwa. Stetoskopu ilianzia hapo.

Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wakisikia chochote kifuani wanasema "nimonia". Nawazuia. Kwanza niambie: sauti inaendelea au inakatikakatika? Iko wakati wa kuvuta pumzi au kutoa? Nyembamba au nene? Akikohoa, inabaki? Kwa ile milio ya kupasukapasuka, nawaambia wasugue nywele zao kati ya vidole karibu na sikio. Wakishasikia hapo hawasahau.

Na lile fungu la sauti za msingi limenigusa. Wodi zenye mashine nyingi zinazolia zina tatizo linalojulikana duniani kote: ving'ora vingi havina hatari yoyote nyuma yake, na wahudumu wanazoea. Kwa lugha ya huyo Schafer, sauti ya kuashiria imegeuka kuwa ya msingi. Hilo ni jambo la kuogopesha, na halitatuliwi kwa kuongeza sauti ya mashine.

Desibeli_Tu

Nimesoma yote. Mnaandika vizuri, ila mimi ni mtu wa fizikia na naona ushairi unazidi.

Sikio linadanganyika. Linazoea, linachoka, linachagua. Ukitaka kujua kama ukumbi wa mihadhara ni mbovu, pima. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 1999 lilipendekeza kelele za nyuma darasani zisizidi desibeli 35 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) wakati wa kipindi. Hiyo ni namba, haibishaniwi na tanakali.

Tena watu wengi wanaozitaja desibeli hawazijui. Ngazi yake si ya kujumlisha. Mashine mbili zenye desibeli 80 kila moja zikiwaka pamoja hazifiki 160, zinafika 83. Ongezeko la 10 ni nishati mara kumi, ingawa sikio linaona kama sauti imekuwa maradufu tu. Ndiyo maana kwenye afya kazini, kipimo kinachotumiwa sana ni 85 kwa saa 8, na kila ikipanda 3 muda unakatwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2.

Na mfano bora wa sauti chuoni hamkuutaja. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara katika jumba la makumbusho la Fogg ambamo hakuna aliyemwelewa mhadhiri. Neno likitamkwa liliendelea kuvuma kwa sekunde 5 na nusu hivi, kwa hiyo la kumi linakuta la kwanza bado lipo hewani. Kazi akapewa mwanafizikia kijana, Wallace Sabine. Akawa anabeba mito ya viti kutoka ukumbi wa Sanders, anaipanga, anapima, anaongeza, anapima tena. Mwisho akapata kanuni: muda wa mvumo ni 0.161 mara ujazo wa chumba, gawa kwa uwezo wa chumba kufyonza sauti (ukipima kwa mita). Kanuni hiyo ilitumika kusanifu ukumbi wa muziki wa Boston uliofunguliwa 1900. Hesabu ndiyo iliyotatua, wakuu.

Mpiga_Chaki

Desibeli_Tu, nashukuru kwa Sabine, maana umenipa fimbo. Alijuaje kwamba sauti imekwisha? Hakukuwa na kipimo cha kielektroniki. Alipuliza bomba la kinanda, akalinyamazisha, akashika saa, akasubiri hadi asisikie tena. Alifanya usiku, mji ukiwa umelala. Kifaa chake kilikuwa sikio, ila lililofunzwa hadi likaaminika. Hicho hasa ndicho ninachodai hapa.

Namba 35 naikubali, na wala sisemi tuache kupima. Ila namba haimwambii mhadhiri kwa nini koo linamuuma kila jioni. Kuna daktari Mfaransa, Étienne Lombard, ambaye mwaka 1911 alieleza kwamba mtu akiwekwa kwenye kelele anapandisha sauti bila kujijua. Zoezi la ukumbini, hata mkiwa watu 300: katikati ya muhadhara zima feni na projekta kwa dakika moja, endelea kuongea. Utajisikia unapiga kelele. Washa tena, utasikia sauti yako inapanda yenyewe. Wanachuo wanaelewa hapohapo kitu ambacho grafu ingechukua kipindi kizima.

Desibeli_Tu

Hilo la Sabine nakupa. Ninachoongeza: kama hamna kifaa, pigeni kofi moja kali chumba kikiwa kitupu. Ukisikia mlio wa harakaharaka unaorudiarudia, kuna kuta mbili tupu zinazotazamana. Ukisikia mkia mrefu laini, chumba kizima hakina kinachofyonza. Mkia huo unameza konsonanti, kwa sababu irabu zina nguvu zaidi na mvumo wake unazifunika konsonanti. Ndiyo maana mwanafunzi wa nyuma anasikia kwamba mwalimu anaongea lakini haelewi anasema nini. Rafu za vitabu, mapazia mazito, vibao laini ukutani, hata kujaa kwa watu kunasaidia.

Programu za simu za kupimia desibeli zitumieni kulinganisha chumba na chumba kwa simu ileile. Msizipeleke mahakamani.

Kamati_ya_Jirani

Nyie mmebaki chuoni, niwatoe nje kidogo.

Nimekaa kwenye vikao vingi vya ugomvi wa kelele kati ya wakazi na karakana, wakazi na nyumba ya ibada, wakazi na ukumbi wa sherehe. Karibu vyote vinakufa kwa sentensi moja: "Kelele zimezidi." Upande wa pili unajibu "hazijazidi", na kikao kinakuwa cha kutukanana. Nilipoanza kuwataka watu waandike daftari, mambo yalibadilika. Saa ngapi ilianza, ilidumu muda gani, ni ya namna gani, na ilivuruga nini. Hicho cha mwisho ndicho kizito. "Mtoto aliamka" au "sikuweza kuongea na simu" hakibishaniwi kama desibeli.

Kuna karakana moja, siitaji, madaftari ya majirani wote yalionyesha kitu kilekile. Mashine ya kukatia vyuma haikuwa tatizo kwa ukubwa wa sauti. Tatizo lilikuwa haijulikani itawaka lini. Mwenye karakana alikubali kukata vyuma kwa saa maalumu na kubandika ratiba mlangoni. Sauti ni ileile, malalamiko yakapungua sana.

Baadaye nikaja kujua kwamba watafiti wawili Wamarekani, David Glass na Jerome Singer, walishalionyesha hili kufikia 1972. Waliwaweka watu kwenye kelele zisizotabirika, wengine wakapewa kitufe cha kuzizima wakitaka. Wengi hawakukibonyeza kabisa, lakini kujua tu kwamba kipo kuliwafanya wafanye kazi vizuri zaidi baadaye kuliko wasiokuwa nacho.

Njia nyingine tunayotumia ni matembezi ya kusikiliza, pande zote mbili pamoja. Hildegard Westerkamp, aliyekuwa katika mradi wa Schafer, aliyaandikia mwaka 1974: unatoka kutembea, na lengo kuu ni kusikiliza mazingira. Hakuna kuongea njiani. Mmoja anatangulia, anasimama pale anapoona panafaa, wengine wanasimama. Mnazungumza mkirudi. Mwenye karakana akisimama kimya kwenye dirisha la chumba cha kulala cha jirani yake, huhitaji hotuba.

Nusu_Sikio

Nasoma uzi mzima nikisubiri nione kama kuna atakayetukumbuka. Hakuna.

Mimi nina usikivu hafifu, natumia kifaa cha masikioni. Lile zoezi la dakika 10 lingenifanya nikabidhi karatasi nusu tupu mbele ya darasa. Mleta uzi, kwenye kundi lolote kubwa la wanachuo huenda yupo kama mimi, na pengine hajakwambia.

Msifikiri pia kwamba tuko nje ya mada. Mpiga ngoma wa Uskoti, Evelyn Glennie, ni kiziwi tangu akiwa na umri wa miaka 12 hivi, na huwa anapiga pekupeku ili apokee mitetemo kwa miguu. Mimi najua lifti inakuja kwa kiganja ukutani. Injini ya Bisibisi naweza kuisoma kwa mkono. Kwa hiyo kwenye karatasi yako ongeza nafasi: umeipokea kwa sehemu gani ya mwili? Utashangaa wenye masikio mazima wataandika nini humo.

Na Desibeli_Tu, asante kwa ule mkia wa sauti. Vifaa vyetu vinakuza vyote kwa pamoja, mwalimu na mvumo wa ukuta. Vyumba vibovu kwenu ni usumbufu, kwetu ni mlango uliofungwa. Wahadhiri, tuelekezeeni uso. Mnaongea na ubao.

Mpiga_Chaki

Nusu_Sikio, nafasi hiyo naiongeza kuanzia kipindi kijacho, na mtu ataruhusiwa kuchagua kukaa karibu na kitu kinachotetema. Matokeo tunayasoma kwa vikundi, si mmoja mmoja mbele ya watu.

mwaka_wa_pili

Shikamooni walimu wangu. Mimi ni mwanachuo, nina maswali. Zoezi kama hili mnalisahihishaje? Maana tukiambiwa "eleza sauti" kila mtu ana yake. Halafu mtu akishamaliza hayo ya kalamu, akitaka kurekodi kweli, aanzie wapi kama ana simu tu?

Mpiga_Chaki

Marahaba. Alama sitoi kwa uzuri wa maneno. Naangalia vitu vitatu: msomaji anaweza kujua sauti ilitoka wapi na ilidumu vipi, umetofautisha walau sauti mbili ambazo wengine wameziita kwa jina moja, na umetoka na swali. Aliyeandika "kuna mvumo ambao unakatika kila mwalimu wa chumba cha pili anapofungua mlango, kwa nini?" amepata zaidi ya aliyejaza kurasa.

Kurekodi: adui wa kwanza ni upepo. Hata upepo mdogo kwenye maikrofoni ya simu unafunika kila kitu, kwa hiyo jikinge na ukuta au mwili wako, au funika kwa kitambaa chepesi. Pili, simu nyingi hujirekebisha zenyewe: kukiwa kimya inapandisha, kukiwa na kishindo inashusha. Programu yako ikiruhusu, zima hilo, la sivyo utaleta chumba ambacho hakikuwepo. Chagua faili ya WAV badala ya iliyobanwa. Weka simu juu ya kitu laini, usiishike, mkono unasikika. Rekodi dakika moja zaidi ya unavyodhani inatosha. Na unaporudi sikiliza ukiwa na karatasi yako ya kalamu mkononi, uone maikrofoni imechukua nini ambacho wewe ulikiacha, na wewe ulichukua nini yenyewe ikakikosa. Hapo pana somo zima, sitalimalizia hapa.

Sauti za watu: omba ruhusa. Usirekodi mazungumzo ya mtu kwa kisingizio cha kazi ya darasani, na usipandishe mtandaoni sauti inayotambulika bila mwenyewe kukubali. Hifadhi za pamoja zipo, kwa mfano Freesound, iliyoanzishwa 2005 katika Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra kule Barcelona, lakini soma masharti ya leseni kabla hujaweka au kuchukua.

Sista_Zamu

Wodini hairekodiwi kitu, mwanangu. Hata kama ni ya mashine tu.

Kamati_ya_Jirani

mwaka_wa_pili, ukipata muda waendee wazee wa hapo ulipo uwaulize sauti gani zilikuwepo wakiwa vijana na hazipo tena. Uliza moja moja: mlikuwa mnaamshwa na nini? Mlijuaje mvua inakuja? Kazi gani ilikuwa inasikika mbali? Watu ambao hawana la kusema kuhusu "historia" wanaongea saa nzima kuhusu sauti. Na andika maneno yao wenyewe, usiyasafishe.

Bisibisi

Mleta uzi, niletee hao waandishi wako karakana siku moja. Tunawasha injini tatu zenye ubovu tofauti. Wako waeleze bila kutaja, wangu wataje kwa kusoma maelezo ya wako tu, bila kusikia injini. Wakikosea tutajua nani alaumiwe.

Waje na viatu vinavyofunika vidole.

Desibeli_Tu

Mimi nakuja na kipimo.

Nusu_Sikio

Na mimi nakuja na mikono. Nipeni injini ya kwanza kabla hamjaishika.